Aliyepiga Picha Matumbo ya Ndege

Watu wote waliokuja kiwanjani kutazama ndege za zamani walisimama mbele ya ndege. Yeye aliingia chini yake. Alivua kofia, akakusanya koti lisiburute, akainama kwa adabu kama mtu anayeingia nyumba ya mkwe, kisha akajilaza chali kwenye nyasi zenye umande na kupiga picha tumbo la ndege. Alipotoka alikuwa na nyasi mgongoni na tone la oili kwenye paji la uso, na hakuna aliyethubutu kumpangusa, kwa sababu alikuwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa nini? Wa josho la ng'ombe, wa kamati ya shule, wa mazishi ya ukoo wake na ya koo mbili jirani ambazo hazikujaliwa mtu mwenye sauti. Huko kwao Wamagana hata mkewe alimwita hivyo mbele ya wageni. Wageni wakiondoka sijui. Kwetu mjini Nyeri alikuwa mwenyekiti wa Wapenzi wa Ndege za Zamani, chama chenye wanachama kumi na mmoja, au kumi na wawili ukimhesabu Mweka Hazina mara mbili, jinsi alivyopenda kuhesabiwa mandazi yalipoletwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Mara moja kwa mwaka, mvua ikishakatika, wazungu wachache waliobaki na mashamba upande wa Nanyuki, pamoja na vijana wetu waliokuwa wamejifunza urubani, walizitoa ndege zao kuukuu mabandani, wakazipanga kwenye kiwanja cha nyasi na kuzirusha moja moja ili watu waone. Kulikuwa na ya mabawa mawili mawili, yenye nyaya katikati kama kamba za kuanikia nguo. Kulikuwa na nyingine iliyokohoa kila ilipowashwa mpaka watoto wakaipa pole. Mlima Kenya ulikaa pale nyuma ukitazama bila kulipa kiingilio.

Mimi niliingia chamani kwa sababu ya filamu. Mimi ni mtu wa Majengo, mtaa wa Waswahili pale mjini, na wakati huo nilikuwa na kibanda karibu na soko, nikiuza kamera zilizokwisha kutumika, filamu mpya, na filamu ambazo karibu zilikuwa mpya. Mpenda ndege hupiga picha kumi na mbili za kitu kilichokwisha kuondoka, halafu anarudi kununua filamu nyingine ili ajaribu tena. Nimeuza vitu vingi maishani. Mteja kama huyo sijampata tena.

Jumapili iliyofuata maonyesho tulikutana baada ya kanisa, nami baada ya kufunga kibanda, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chai, kila mtu na bahasha yake ya picha. Mtu wa kawaida angedhani picha huangaliwa tu. Kwa Mwenyekiti hapana. Alifungua kwa sala. Katibu wetu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye sauti yake ilinyoosha migongo ya watu wazima, akasoma kumbukumbu za mwaka uliopita, zikapendekezwa, zikaungwa mkono. Ndipo picha ya kwanza ikaanza safari ya kuzunguka meza, kutoka mkono wa kulia wa Mwenyekiti hadi wa kushoto, na hakukuwa na ruhusa ya kusema lolote mpaka imrudie. Halafu yakaja maoni.

"Asante Mwenyekiti kwa hii nafasi," alisema Mweka Hazina mwaka mmoja. Alikuwa na bucha, na alishika picha kama anayepima nyama. "Mimi naona mawingu."

"Ndege ilikuwa hapo," akasema mwenye picha.

"Hapo wapi?"

"Hapo. Imetoka tu."

"Kwa hivyo hii ni picha ya mahali ndege imetoka."

"Ndio."

"Iandikwe hivyo," akasema Mwenyekiti, na Katibu akaandika.

Picha zilizobaki zilikuwa na watu. Shangazi mbele ya ndege. Shangazi na mtoto. Shangazi na kibeti chake, na nyuma ya sikio la shangazi kipande cha bawa. Usitucheke. Kwetu picha ni ya mtu. Picha isiyo na mtu ni ya polisi, inapigwa baada ya ajali.

Sasa katikati ya mawingu na mashangazi zilikuja za Mwenyekiti: ribiti, bati, madoa ya oili, tumbo baada ya tumbo. Zilizunguka meza kwa heshima kubwa. "Mwenyekiti anaangalia undani," Katibu alikuwa akisema, na wote tukatikisa vichwa kukubali, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba haoni kitu.

Mimi ndiye niliyempelekea filamu kusafishwa Nairobi, kwa hiyo matumbo hayo niliyaona kabla ya wengine, na niliyaona mara mbili. Siku moja kibandani nikamuuliza.

"Mzee, mbona matumbo tu?"

"Kijana wa Majengo, uliniuzia kamera ama uliniuzia maswali?"

"Kamera ilikuwa na bei. Maswali ni ya bure."

"Basi hayo hayana kazi. Sinunui."

Nikamwambia akinieleza nitampunguzia filamu. Aliliangalia koti lake, akahesabu moyoni, akanieleza. Ndilo punguzo pekee nililowahi kutoa nisijute.

Alikuwa akitafuta tundu. Wakati wa kuunganisha mashamba, mwishoni mwa miaka ya hali ya hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, wapima ardhi walituma ndege kupiga picha matuta yote, ile migongo ya ardhi kati ya mto na mto, kutoka juu, na kutokana na picha hizo wakachora ramani. Watu walikuwa bado wamefungiwa na askari vijijini, mbali na mashamba. Waliporudi kwenye mashamba yao walikuta ng'ombe na majembe yamepita juu ya matoka, yale mayungiyungi ambayo Wagikuyu hupanda mpakani na ambayo anayeyang'oa hujilaani yeye na uzao wake. Hakuna aliyesema amemwona anayeng'oa. Ramani ikaletwa, vigingi vikapigwa, na Mwenyekiti akasimama kwenye kigingi chake akaona kwamba kipande kimoja, upana wa nyumba mbili hivi, kutoka barabarani mpaka mtoni, kimebaki kwa jirani. Kwa maneno yake, ndege ilikuwa imempokonya. Alikwenda kwa wazee, wakamwambia ramani ni ramani. Akaenda ofisi ya ardhi, wakamwambia lile lile kwa Kiingereza.

"Lakini hiyo ndege iliona," aliniambia. "Iliona mpaka wa zamani kabla ya watu kuuharibu. Na kitu cha shamba hakipotei, kinabaki chini kama kovu. Mimi nataka kupanda mara moja tu, niangalie kwa macho yangu, nipige picha, niwaletee. Basi."

"Ndege yoyote si itafaa?"

"Ndege mpya haijaona kitu. Nataka ile ile. Iliyosema uongo ndiyo itasema ukweli."

Ndege ya kupiga picha ardhi ina tundu tumboni, mahali pa kamera kuchungulia. Hiyo ndiyo sababu alijilaza kwenye umande mwaka baada ya mwaka, na hiyo, kusema kweli, ndiyo sababu alianzisha chama. Mzee mmoja wa Wamagana hawezi kwenda kwa mzungu mwenye ndege na kuomba achungulie chini. Mwenyekiti wa chama anaweza. Sisi wengine tulikuwa wajumbe wa kesi ya shamba, na chai tulijilipia wenyewe.

Jirani huyo nilimfahamu baadaye. Alikuwa mtu mfupi, mpole, kosa lake la pekee kulala upande wa pili wa mpaka. Yeye na Mwenyekiti waliimba sauti nzito katika kwaya moja. Vitabu vya nyimbo havikutosha, kwa hiyo waligawana kimoja: jirani alishika jalada la kushoto, Mwenyekiti la kulia, wakaimba juu ya upendo wa ndugu kwa pumzi moja, na nje ya wimbo hawakusemezana. Ng'ombe wa mmoja akivuka, mazungumzo yalipitia kwa ng'ombe.

"Ng'ombe, ambia mwenyewe afunge kamba vizuri," Mwenyekiti angesema.

"Ng'ombe, ambia huyo nimesikia," jirani angejibu.

Nimeambiwa ng'ombe mwenyewe alisikiliza kwa makini.

Mwenyekiti alikuwa na misemo, kama wenyeviti wote. Aliniambia nisiamini kitu kinachonitazama kutoka juu kikakataa kushuka kunisalimia. Alikuwa akimaanisha ndege, lakini Katibu aliandika msemo huo akidhani ni juu ya serikali, kisha akaufuta. Marubani aliwaita madereva. Ndege ikitua vibaya alisema, "Huyo dereva hajui kuegesha," na alisema kwa huruma, kama mtu aliyewahi kuegesha.

Na hapa ndipo mtu huyu alipokuwa akijipinga mwenyewe. Alikuwa anaogopa kupanda juu. Hakuwahi kuliona paa la nyumba yake kwa upande wa juu. Matunda ya mti wake wa plamu yalikuwa ya watoto wa kijiji kuanzia urefu wa kichwa chake kwenda juu, na alilihesabu hilo kuwa sadaka. Katika ofisi ya ardhi faili yake ilikuwa ghorofani. Aliifuata akiwa ameukumbatia ukuta wa ngazi, na karani alipomwomba asogee dirishani waione ramani kwenye mwanga, yeye aliomba ramani ndiyo isogee. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akitafuta kuketi angani. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kuogopa ni jambo la miguu, na shamba ni jambo la tumbo, na kati ya hayo mawili anajua lipi humlisha.

Mwaka tulipoipata ndege aliyoitafuta, Mwenyekiti alitoka chini ya moja ya kijivu yenye injini mbili na hakusimama. Alibaki ameketi kwenye nyasi, kofia magotini.

"Iko na jicho," akasema.

Niliingia mwenyewe nikatazama. Kulikuwa na mviringo mpana kama mdomo wa sufuria ya kupikia watu kumi, umezibwa kwa bati na kupigwa ribiti. Kama ilikuwa ndege ile ile siwezi kuapa; ndege zenye tundu hazikuwa moja nchini. Lakini sikuona faida ya kulitaja hilo.

Mwenye ndege alikuwa mzungu mzee, kaptura katika baridi ile, magoti mekundu kama nyanya za Karatina. Mwenyekiti alinisukuma mbele. Yeye ni wa kuhutubia, mimi ni wa bei.

"Bwana, mzee wetu anataka kiti kimoja. Kupanda, kuzunguka Wamagana, kushuka."

"Hapana. Mimi si basi."

"Basi lina nauli. Sisi hatukusema nauli."

Alinitazama vizuri zaidi. Nikamuuliza anataka nini duniani ambacho pesa haijamletea. Ni swali zuri, hulipendi mpaka ulijibu. Akaelekeza kidole kwa umati uliokuwa umejipanga mbele ya ndege yake.

"Kila mwaka watu nyingi naleta kamera. Mimi nasema, nionyeshe picha ya ndege yangu. Naona mama. Naona mama ingine. Ndege wapi?"

"Ukiona ndege yako nzima, bila mama, mzee atapanda?"

"Bila mama. Bila toto. Bila kofia."

"Picha moja."

"Kumi."

"Mbili."

"Sita."

"Nne, na moja kati yake ina mlima nyuma, juu mpaka theluji."

Mlima sikuwa na mamlaka juu yake, lakini mnunuzi hupenda kuona umeongeza kitu. Tukapeana mikono.

Kuliko kazi zote nilizofanya kwa ajili ya chama kile, ile ya kuondoa watu mbele ya ndege ndiyo ilikuwa ngumu. Mweka Hazina alitanua mikono kama anayefukuza mbuzi. Walitoka kushoto wakarudi kulia. Mama mmoja aliyekuwa amevaa nguo ya maua hakusogea hata hatua.

"Nimetoka Kianyaga asubuhi na hii nguo," akasema. "Nikitoka hapa, nguo itaonwa na nani?"

"Mama, ni dakika kidogo. Tunataka ndege peke yake."

"Peke yake? Kwani imekufa?"

Ilibidi Katibu aje. Alisimama nyuma ya umati, akapiga makofi mawili, akasema, "Mstari mmoja, nyuma yangu," na watu wazima wapatao mia moja, pamoja na polisi aliyekuwa zamu, wakapanga mstari nyuma yake. Mama wa Kianyaga akawa wa mwisho, na kwa sababu ya haki nilimpiga yake pia, peke yake, bila ndege. Mawingu yalipasuka juu ya mlima kwa muda wa kutosha. Nilipiga nne, nikarudia nne. Mzungu akasema atazingoja picha zisafishwe, lakini mzee anaweza kupanda sasa, maana yeye naye ni mzee na hapendi deni.

Mwenyekiti alipanda na boshori ya sufi kichwani mahali pa kofia, tai, koti, na kamera shingoni. Kwenye ngazi ile fupi alisimama kipandio cha pili. Aliukumbatia ubavu wa ndege.

"Mzee, unaweza kuacha," nikamnong'oneza. "Hakuna atakayesema."

"Watasema."

"Wacha waseme."

"Si hao. Yeye," akasema, na nikajua anamaanisha mtu wa jalada la kushoto. "Nikirudi bila kuona, nitazeeka nikiimba karibu na yeye na sijui."

Akaomba, akaingia. Katibu alianzisha wimbo, sisi tukaufuata, injini zikaumeza. Ndege ilikimbia, ikaacha nyasi, ikaelekea kusini. Mweka Hazina, ambaye alikuwa akikitaka kile kiti cha uenyekiti na hakukificha, alikuwa ameshika kifua. Tuliisikia kabla ya kuiona tena, ikirudi upande wa msitu, na ilipotua dereva aliegesha vizuri.

Mwenyekiti alishuka kinyumenyume. Aliomba kofia yake kwanza, na maji baadaye.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nilifunga macho."

"Safari nzima?"

"Nzima."

"Na picha?"

"Niliweka kamera dirishani nikabonyeza. Yenyewe haiogopi."

Aliketi kwenye nyasi na hakusema lolote tena siku hiyo, hata alipoombwa atoe neno la shukrani. Katibu aliandika kwamba Mwenyekiti ameguswa.

Filamu iliporudi kutoka Nairobi ilikuwa na kidole gumba, bawa, kidole gumba na bawa, kiatu chake mwenyewe, mawingu, na picha moja safi: tuta refu la kijani, mashamba yamekatwa vipande kutoka barabarani juu hadi mto chini, kama matuta yote ya Nyeri yalivyo. Picha hiyo ilizunguka meza polepole, kila mtu akiisogeza karibu na macho. Hata mandazi yalisubiri.

"Asante Mwenyekiti kwa hii nafasi," Mweka Hazina akaanza, na sauti yake haikuwa ya siku zote. "Hii ni shamba ya baba yangu. Na hapa ndipo walitukata."

Baba yake alikuwa na shamba Mukurwe-ini, ambako ndege haikufika.

"Samahani," akasema Katibu, "huo mti ni wetu. Shangazi yangu alihamishwa kutoka hapo chini ya mti na mpaka leo hajalipwa."

Mwingine alisimama. Yeye aliona Mwea, mahali mjomba wake alipopewa kipande cha mpunga na kunyang'anywa.

"Mwea ni tambarare," nikamwambia.

"Kutoka juu inaweza kuonekana hivyo."

Wakasimama wote. Vidole tisa vikawa juu ya picha moja yenye ukubwa wa kiganja, kila kidole kwenye mpaka wake. Watu waliokuwa wakiitana ndugu mwanachama walianza kuitana kwa majina ya matuta yao. Mimi, mtu wa Majengo ambaye shamba langu lote ni kibanda, ndiye pekee niliyeona kwamba Mwenyekiti hakuwa ameelekeza kidole popote.

Alinyoosha mkono, akaichukua picha, akaitia ndani ya koti.

"Hii picha iko na wenyewe wengi," akasema. "Iandikwe kwamba haikuonekana vizuri. Tuombe."

Tukaomba. Tangu mwaka huo hakujilaza tena chini ya ndege yoyote. Alisimama mbele kama sisi, kofia mkononi, mkewe kando, na nilimpiga picha mbili nzuri. Katibu alisikitika. Aliniambia Mwenyekiti amepoteza undani.

Maonyesho yalikwisha kama mambo mengi yalivyokwisha: wenye ndege waliuza mashamba, ndege zikaondoka zikiwa zimefungwa juu ya malori, na chama kikabaki na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na bila ajenda. Wote wawili, Mwenyekiti na jirani yake, wameshazikwa, ndiyo maana naweza kueleza siku ya mwisho niliyomwona Mwenyekiti.

Nilikwenda Wamagana kununua tena ile kamera. Nilijua mzee haitumii, na nilikuwa na mteja. Nilimkuta ameketi juani mbele ya nyumba, mwembamba ndani ya koti lile lile. Tulikuwa tumefika nusu ya bei, yeye akishuka na mimi nikipanda, wakati jirani alipotokea kwenye kijia, mkungu wa ndizi begani, jasho likimtoka.

Nilitafuta ng'ombe wa kupitishia salamu. Hakuwapo.

"Mwenyekiti, habari ya leo," akasema jirani.

"Ni njema, ndugu yangu. Pumzika."

"Sikai. Nimeleta hizi tu." Aliuweka mkungu miguuni pa Mwenyekiti, akanigeukia. "Mgeni, unamjua huyu mtu? Watu wanauana kwa shamba. Huyu aliniita siku moja, na wazee wawili, akapanda matoka mapya, akasema, chukua mpaka hapa, ni yako, mimi nimeona upendo ni mkubwa kuliko mahindi. Sikuwa nimeuliza. Kila mwaka mimi husimama kanisani nikasema."

"Inatosha," Mwenyekiti akasema.

"Haitoshi," akasema jirani, akaenda zake.

Nilisimama, nikatazama matoka. Yalikuwa yametoa maua meupe, mstari ulionyooka kutoka barabarani mpaka mtoni. Kipande alichokuwa akidai Mwenyekiti miaka yote kilikuwa ng'ambo, upande wa migomba ya jirani. Matoka haya yalikuwa huku, ndani kabisa ya shamba lililokuwa lake la mahindi. Nilienda nikapima kwa hatua, nikarudi nikipima tena. Mimi ni mtu wa biashara. Najua mtu anapopunguza bei, na najua mtu anaporudisha kitu.

"Mzee, wewe ulikuwa unadai upande ule. Mbona umetoa huu?"

"Roho ya mtu hubadilika."

"Ya mtu mwingine, labda."

Aliuvuta mkungu karibu na kiti chake.

"Kulikuwa na mfereji kando ya matoka ya zamani," akasema. "Tulikuwa tumeusahau, mimi na yeye. Kutoka angani, mahindi yaliyoota juu yake yalikuwa na kijani kingine. Mstari mmoja, kama umechorwa na rula. Na ulikuwa hapo unaona matoka. Ndani ya shamba yangu."

"Kwa hivyo ndege haikukupokonya."

"Ilinipa. Nilikula shamba ya huyu mzee miaka hiyo yote, na nikamshtaki juu yake."

"Na ulisema ulifunga macho."

"Nilifunga. Baada ya kuona."

"Yeye anajua?"

"Anajua nilimpa zawadi."

"Si umwambie."

"Nimwambie lini? Yeye husimama kanisani, anafumba macho, ananiombea kwa jina langu mbele ya watu. Nitamkatiza mtu akiomba?" Alikata chane moja kwa kisu cha mfukoni, akanisogezea. "Chukua hii, na haya maneno yaishie hapa."

"Chane moja, mzee? Kwa maneno kama hayo?"

"Ndizi ni tamu."

"Hata maneno. Nipe tatu."

"Mbili. Na kamera unaongeza ile bei yako."

"Tatu, na kamera tunagawana katikati."

Sauti zetu zilikuwa zimepanda kidogo, kama inavyokuwa. Upande wa pili wa matoka majani ya migomba yakasogea, na jirani akatoa kichwa.

"Mwenyekiti, kama hazitoshi na mgeni, ngoja nikate mkungu mwingine. Shamba si ni yako ulinipa?"

Mwenyekiti alisimama polepole akishika kiti, akavua kofia, akashukuru. Tulingoja tumesimama, bila kutazamana, tukisikia panga likifanya kazi kwenye mgomba. Mkungu wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza.